Kepher Ogada, Aliyeharibu Sherehe ya Silibwet

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Kepher Ogada anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Anaondoka akiwa Afisa wa Uhamasishaji, Daraja la Pili, cheo kilekile alichoajiriwa nacho. Si rahisi kukwepa kupandishwa cheo kwa muda mrefu hivyo bila msaada wa wakubwa, na Bwana Ogada alisaidiwa sana.

Alikuja Kericho kutoka Ahero akiwa kijana mwembamba, akakabidhiwa pikipiki isiyopenda milima. Aliisukuma wakati wa kupanda na kuiendesha wakati wa kushuka, na afisi ikamtoza petroli ya safari zote mbili.

Jina lake lilivuma mwaka wa 2015, runinga za analojia zilipozimwa. Afisi yetu ya kanda ilikuwa imejiandaa kikamilifu: ilichapisha fulana. Bwana Ogada alipelekwa semina ya asubuhi moja, akarudi mtaalamu, akatumwa Bomet kuwahimiza watu wanunue dikoda. Watu wa Silibwet, hukohuko Bomet, walimwamini kwa sababu alipanda juu ya mapaa yao mwenyewe kuelekeza antena. Wakanunua. Skrini zikabaki nyeusi. Mawimbi ya dijitali, ilibainika, yalikuwa yakiishia ng'ambo ya kilima.

Miongoni mwa walionunua alikuwa Mama Cheptoo, aliyeuza ndama. Mumewe, Mzee Kipchirchir, alikuwa amepooza upande mmoja, na runinga ndiyo iliyokuwa ikimletea dunia kitandani. Bwana Ogada alirudi afisini na kueleza hali ilivyo. Mkuu wa kanda, Bwana Omwenga, alilishughulikia jambo hilo kwa kasi ya kupigiwa mfano. Aliandaa sherehe.

Ilikuwa sherehe ya kufana, yenye hema, viti vya kukodi na keki yenye umbo la runinga. Bwana Omwenga alibonyeza rimoti, picha safi ikatokea, umati ukapiga makofi. Nyuma ya dikoda kulikuwa na flashi ndogo yenye habari zilizorekodiwa Nairobi. Bwana Ogada alikuwa ameonywa mapema asiguse kitu wala kusema kitu, kwani kupandishwa kwake cheo kungetangazwa papo hapo, baada ya keki.

Mama Cheptoo aliomba awekewe stesheni ya Kikipsigis. Bwana Omwenga akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu inayolingana na cheo chake. Msomaji wa habari akaendelea kusoma bila wasiwasi. Ndipo mama akamgeukia aliyemjua.

"Ogada, ni wewe uliniambia ninunue hii kitu. Hapa tunaona TV ama video?"

Waliokuwepo wanakumbuka jinsi alivyoitazama keki kwa muda, kisha akavua kofia.

"Ni video, mama. Mawimbi bado hayajafika huku. Nilikwambia ununue kabla sijahakikisha. Unisamehe."

Keki ilirudi Kericho ikiwa nzima, haijakatwa. Wiki iliyofuata Bwana Ogada alihamishiwa Fort Ternan ili kukuza kipawa chake, yaani kulinda ghala la viti vya plastiki. Alivilinda vizuri, hakuna kiti kilichotoroka. Bwana Omwenga alipongezwa kwa maandalizi bora.

Bahati mbaya, watu wa Silibwet walikuwa wameshasikia. Walifika afisini kwetu kwa lori la majani chai, wakakaa uani, wakala mahindi yao ya kuchoma na kutusalimia kila tulipopita. Wakarudi tena na tena, mpaka mtambo wa kuongeza mawimbi ukasimamishwa kilimani. Afisi ilieleza kwamba huo ulikuwa mpango wake tangu awali.

Bwana Ogada aliomba ruhusa, akaenda kupanda paa la Mama Cheptoo. Picha ilipotokea na lugha yake ikasikika chumbani, Mzee Kipchirchir alimshika mkono wa koti kwa ule mkono wake mzima, akakataa kumwachilia mpaka habari zilipokwisha.

Juzi tulimwuliza kama anajuta, tukizingatia alivyofidiwa kwa ukarimu. Alishangaa swali lenyewe.

"Yule mzee alikuwa anaangalia ukuta mchana kutwa," alisema. "Sasa ningemdanganya mke wake?"

Asante, Bwana Ogada. Wewe na mkeo, Mama Akeyo, mjaliwe afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya kukaa pamoja bila haraka.