Mzee Jairus Kadenge, Muunga Mifupa wa Chara

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Chara na wageni mliotoka Minjila, mama amenituma nisome haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na babu siku zake za mwisho, nami niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie nikikwama.

Mzee Jairus Kadenge alizaliwa hapa Chara mwaka wa 1893, akabatizwa tarehe 12 Aprili 1908, akasoma shule ya misheni miaka miwili, na mwaka wa 1917 akachukuliwa kuwa mpagazi wa vita, ambako alitumwa kuzika mifupa ya wenzake waliofia njiani, na kwa kuiokota mmoja mmoja akajua upi unaingia kwa upi. Aliporudi mwaka wa 1919 hakupenda kuyazungumza hayo, ila alianza kuunga mifupa ya watu.

Tarehe 6 Agosti 1921 alimwoa bibi yetu Hamesa, aliyefariki mwaka wa 1949, wakajaliwa watoto wanne, na aliyebaki hai ni mama yangu.

Mimi nilitolewa shule mwaka wa 1954 nije kumshikia magango, zile fito za kunyooshea kiungo kilichovunjika, akanifundisha kuusikia mfupa chini ya msuli nikiwa nimefumba macho, hata wagonjwa wakamwuliza kwa nini amewaletea kipofu.

Tarehe 2 Machi mwaka huu wa 1957 alichomwa na mwiba unyayoni, akauchomoa, akaendelea kulima. Tarehe 8 alimfunga magango Molu, mchunga ng'ombe wa Minjila aliyevunjwa muundi, mfupa wa mbele wa mguu, na fahali. Tarehe 12 asubuhi taya la babu lilikaza, akasema limeteguka, nilikandamize chini ya masikio. Taya lililoteguka hukaa wazi, lake lilikuwa limefunga, nililiona hilo nikanyamaza kwa kuwa yeye ndiye mwalimu, tukapoteza siku nzima tukikanda kiungo kisicho na kosa, kumbe ni misuli, kumbe ni pepopunda.

Kesho yake tulimpeleka hospitali kwa mtumbwi, na kila kasia lilipogonga ubao mgongo wake ulijipinda kama upinde. Tarehe 14 alisema kwa meno yaliyofumbana, "Molu, siku ya kumi," kisha akauweka mkono wangu juu ya muundi wake mwenyewe, nami niliogopa kumgusa kwa kuwa kila mguso ulimkaza upya. Alifariki Jumamosi, tarehe 16, saa tatu asubuhi.

Desturi yetu ni kwamba mkono uliofunga magango ndio huyafungua, na kwa kuwa wake haupo tena ameniachia mimi, na siku ya kumi tangu Molu afungwe ni kesho. Molu amebebwa mpaka hapa, yuko pale amenyoosha mguu, na nilipomwambia naogopa kumlemaza alinijibu, "Mguu ni wangu, binti. Wewe fungua."

Tunawashukuru daktari na wauguzi, wapiga makasia, majirani waliotupikia, na wote aliofanya nao kazi shambani.

Kesho nitafungua, Molu, na nikiona nisichokielewa nitasema palepale mbele ya watu kwamba sikielewi, wakupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Babu, hakuna tena kinachokukaza, pumzika kwa amani.