Bi. Zuleikha Mcha, Mshenga wa Punju

Baada ya miaka kumi na saba ya utumishi katika Studio ya Komwe, hapa Vuga, Bi. Zuleikha Mcha Simai anastaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025. Waandaaji wa sherehe wameniomba niandike kurasa mbili, na Bi. Zuleikha mwenyewe ameniomba niandike nusu ukurasa. Nimewasikiliza waandaaji.

Alizaliwa Pete, jirani na msitu wa Jozani, akasomea uhazili mjini, na akaja kwetu mwaka 2008. Wakati huo Komwe ilikuwa chumba kimoja cha kufundishia kompyuta, na yeye aliajiriwa kupokea wageni na kuandika barua. Gemu hakuwahi kucheza. Mkurugenzi wetu, Bwana Anwar, alipotangaza kwamba tutaacha kufundisha na kuanza kutengeneza gemu, Bi. Zuleikha aliuliza jambo moja tu: zitamfikia vipi mchezaji? Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu, kazi ya kulitafuta akapewa yeye.

Konsoli, yaani mashine za gemu zinazochomekwa kwenye televisheni, hutengenezwa na makampuni makubwa ya ng'ambo, na gemu ya mtu wa nje haiingii humo mpaka kampuni yenyewe iridhie. Lazima uombe, uchunguzwe, upewe mashine maalumu ya kutengenezea, kisha gemu yako ijaribiwe, irudishwe, irekebishwe na kujaribiwa tena. Bi. Zuleikha alisikiliza maelezo yote hayo, akasema kumbe ni posa. Tangu siku hiyo makampuni kwake yakawa nyumba, gemu ikawa binti yetu, na yeye mwenyewe akawa mshenga. Kilichomkera, na kinamkera hadi leo, ni kwamba katika biashara hii wenye binti ndio wanaokwenda kupiga hodi.

Barua yake ya kwanza bado inatuchekesha. Aliituma kwa nyumba tatu kwa mpigo, kwa Kiingereza safi. Aliwajulia hali wao na watoto wao, akawaeleza habari za mvua za masika, akawaarifu kwamba sisi hatujambo, akaaga. Ombi hakuliandika. Nani mwenye adabu zake anayetaja haja siku ya kwanza anapokaribishwa ukumbini? Nyumba ya kwanza, iliyo tajiri kuliko zote, ilijibu kwa kompyuta papo hapo: hakuna ombi lililoonekana, jalada limefungwa. Bi. Zuleikha akawaandikia kuwakumbusha kwamba salamu yake haijaitikiwa. Nyumba ya pili ilituma makaribisho marefu yaleyale inayomtumia kila mtu, pamoja na ruhusa ya kugeuza konsoli ya dukani iwe ya kutengenezea gemu. Nyumba ya tatu ilinyamaza miezi kadhaa. Kisha mtu, mtu hasa mwenye jina lake, akaitikia salamu moja baada ya nyingine: watoto wazima, na kwao pia mvua ni kubwa.

Kwa majibu hayo matatu alitupangia hesabu ya nyumba zote, na haijatupoteza hata mara moja. Nyumba ya pili, alisema, mlango wake uko wazi mchana kutwa, ndiyo maana ukiingia hakuna anayegeuka kukutazama. Ya tatu ina masharti mengi na mashine yake haina nguvu sana, lakini ikikupokea inakulea. Ya kwanza inakupa jukwaa, fedha na jina, na kwa sababu hiyo hupenda uwe wake peke yake. Wapo wataalamu wanaolipwa kuyaeleza haya kwa michoro ya rangi. Sisi tuliyapata kwa chai ya tangawizi na visheti.

Sasa nifike mwaka 2021. Tulikuwa tunatengeneza Punju, gemu ya kima punju wa Jozani anayevuka barabara, anayepora mashamba ya watu na kutafuna makaa. Kipande kifupi tulichokionyesha mtandaoni kilipendwa, na nyumba ya kwanza, ileile iliyofunga jalada, ikatutafuta. Walitaka Punju ichezwe kwenye konsoli yao mpya tu. Si kwa nyumba nyingine kwa mwaka mzima, na si kwenye mashine yao ya zamani. Wao watatupa fedha za kutuendesha miaka miwili. Studio ilikuwa hoi. Watalii walikuwa wamepotea, kazi za kutengenezea mahoteli tovuti zimekauka, na Bwana Anwar alikuwa ameshatuambia kwamba baada ya Ramadhani huenda akafunga milango. Ofisi nzima ililipuka kwa shangwe. Suhaib, mkuu wa waandishi wa programu, alitaka tusaini siku hiyohiyo.

Bi. Zuleikha akasema jibu la posa halitoki siku moja, akaomba wiki. Wiki hiyo alimchukua Suhaib wakazunguka vibanda vya gemu vya mjini. Cha mwanzo kilikuwa cha Bwana Ubwa, Jang'ombe. Alipotokeza mlangoni na buibui lake na mkoba mkononi, watoto walidhani ni mama mmojawapo amekuja kumsaka mtoro wake. Nusu yao wakatokea mlango wa nyuma, pedi za kuchezea zikabaki zinaning'inia. Waliobaki walimwamkia shikamoo kwa sauti moja, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi akaangalia. Konsoli zote mle zilikuwa za nyumba ya kwanza, na zote za zamani. Kibanda cha pili hivyohivyo, na cha tatu. Mashine mpya hawakuiona popote walipopita.

Wiki ilipokwisha alisimama mbele yetu. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Nshakwenda, nshaona. Mtoto wetu hatumuozi kwenye nyumba ambayo sisi wenyewe hatuwezi kwenda kumtazama."

Suhaib akamwambia, "Bi. Zuleikha, posa hii ikivunjika sote tunakwenda nyumbani."

"Naam," akajibu. "Na wa mwanzo kuondoka ntakuwa mie."

Hakuwa anatania. Bwana Anwar akamwachia apeleke jibu: nyumba nyingine zitasubiri mwaka mmoja, sawa, lakini Punju ichezwe pia kwenye mashine ya zamani, la sivyo hakuna ndoa.

Nyumba ikanyamaza. Ramadhani iliingia, ikafika kumi la mwisho, kimya. Wawili kati yetu walianza kutafuta kazi kwingine na hakuna aliyewalaumu. Suhaib alikuwa akimsalimia Bi. Zuleikha bila kumtazama usoni. Yeye alikuja kazini kila asubuhi, akafungua kompyuta, akafunga, wala hakuwaandikia neno la kuwasihi. Idi ikiwa mlangoni, jibu likaja: wamekubali, ila kazi ya kuifanya Punju iende kwenye mashine ya zamani ni juu yetu. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Suhaib. Kisha akakaa miezi akipunguza majani ya msitu wa Jozani, mti kwa mti, mpaka mashine ile kongwe ikaweza kuubeba.

Punju ilitoka mwaka uliofuata. Tunajivuna, na hatuoni sababu ya kuficha. Imechezwa katika nchi ambazo majina yake hatuyatamki sawasawa, na mwaka wa kusubiri ulipokwisha nyumba mbili zilizobaki ziliipokea kwa mikono miwili. Siku ya uzinduzi Bi. Zuleikha hakuja kwenye hafla. Alikwenda Jang'ombe kwa Bwana Ubwa, akacheza Punju na kitoto cha darasa la tatu, akashindwa kila mchezo, na hadi leo anashikilia kwamba pedi aliyopewa ilikuwa mbovu.

Umri wa kustaafu aliutimiza mwaka jana, akaomba aongezewe mwaka mmoja. Tulidhani hataki kukaa bure nyumbani kwake Chukwani. Kumbe alikuwa na hofu. Tulikuwa tunaanza gemu ya pili, na aliogopa kwamba akiondoka tu, nyumba ya kwanza itarudi na masharti yake ya zamani, na vijana wetu watasaini huku wanacheka. Kwa hiyo mazungumzo alimwachia msaidizi wake, Ummukulthum, ayaendeshe peke yake. Yeye akakaa pembeni, ulimi ameuuma, na kwa wanaomjua hiyo ilikuwa adhabu kubwa.

Mkataba ulifika mwezi uliopita. Kabla hatujaomba lolote, nyumba yenyewe ilikuwa imeshaandika kwamba gemu itatoka kwenye mashine mpya na ya zamani kwa pamoja. Bi. Zuleikha alikisoma kifungu hicho mara mbili. Ummukulthum akamwambia, "Hata wasingekiandika, Bi., mie nsingesaini."

Bi. Zuleikha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaingia kuandika barua ya kustaafu.

Ahsante, Bi. Zuleikha, kwa kila jibu ulilotupelekea, na zaidi kwa lile ulilokataa kulipeleka. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, umri mrefu na mapumziko yenye kheri. Binti zetu wote tutawaoza kama ulivyotufundisha.

Badria Wakil
Kitengo cha Sauti, Studio ya Komwe