Jina Alilolitaja Aline

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Asifiwe tena! Lakini vigelegele wekeni pembeni kwanza, akina mama. Najua mkiniona nimeshika maikrofoni mnaanza kutafuta leso za kupeperusha, maana mimi ni yuleyule Mama Naomie mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Leo sauti yangu ni ndogo. Nimekuja kushuhudia kufunguliwa, na aliyefunguliwa siye yule mliyemdhani.

Wageni hamnijui. Nimetoka Bukavu, Kongo, na hapa Johannesburg nina mwaka wa kumi na saba. Nasuka nywele mtaa wa Yeoville. Katika kanisa hili nilikuwa mkubwa wa maombezi ya akina mama. Mtoto ninaye mmoja, Naomie, ana miaka kumi na tatu, amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyemzoeza. Tangu akiwa mdogo nilimwambia, kwenye taksi usiongee lugha yetu, watu wasijue tunatoka wapi. Mnajua ninachosema, ndugu zangu. Kuna siku jiji hili linachafuka, wageni wanawindwa, na lugha ya mtu inamponza.

Woga ule niliubeba mpaka kazini. Akija saluni mama mgeni, ametoka nyumbani juzi, amevaa kitenge chake na anaongea kwa nguvu, akishatoka tu nawaambia wenzangu, "Hawa wa juzi ndio wanatuletea matatizo! Si warudi kwao!" Halafu namwigiza anavyotembea na anavyotamka. Tunacheka mpaka machozi. Na Naomie yuko pale, ametoka shule, anafagia nywele sakafuni. Sikumfikiria hata kidogo. Mtoto akinyamaza tunadhani hasikii.

Mwaka jana Mama Aline akaanza kusali nasi. Ni Mrundi, mume wake ni mlinzi, wanakaa Troyeville. Binti yao Aline akaingia darasa moja na Naomie. Mtoto mchangamfu, anapenda kuimba. Nikasema, haya, Naomie amepata dada! Baada ya miezi michache Aline akabadilika. Kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Kliniki wakampima, wasione kitu. Akaacha kuimba, chakula akawa anakidonoa tu, mwisho akaacha hata kuongea. Mama yake alipochoka akasema, heri nimrudishe Burundi kwa bibi yake, masomo yaishie hapo.

Katikati ya hayo mwalimu wa Naomie aliniita shuleni. Mama wa heshima, akanipa kiti. Akasema kuna mtoto darasani anaonewa, na Naomie na wenzake wawili ndio wanaomwonea. Jamani! Nilisimama hata hajamaliza. Nikamwambia, "Mnamsingizia mtoto wangu kwa sababu mama yake ni mtu wa nje!" Nikabeba mkoba wangu, nikatoka. Sikungoja anitajie anayeonewa ni nani. Ningekaa dakika moja tu, ndugu zangu. Dakika moja!

Wiki mbili baadaye Mama Aline akamleta binti yake saluni nimsuke, labda atafurahi, halafu Jumamosi tumwombee. Nikafungua kitambaa alichojifunga kichwani. Nyuma, karibu na shingo, sehemu nzima haina nywele, pana kama kiganja. Mimi ni msusi. Nywele iliyokatika yenyewe naijua inavyoishia, na iliyokatwa kwa makasi naijua. Hii ilikuwa makasi. Nikamuuliza, "Nani amekufanyia hivi?" Aline akatazama kwenye kioo, nyuma yangu. Nyuma yangu alikuwepo Naomie na ufagio. Aline akavuta kitambaa chake, akajifunika tena. Na mimi, mtu wa kuona mapepo kila kona, nikamgeukia mama yake nikasema, "Hili ni pepo la ububu, linamfanya ajikate nywele mwenyewe." Vidole vyangu vilijua ukweli. Mdomo ukasema mengine.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa akina mama saba hapahapa mbele, na Aline katikati kwenye kiti cha plastiki. Naomie nikampa chupa ya mafuta ya upako anishikie. Tuliomba tangu saa nne asubuhi mpaka saa saba. Nilipiga kelele sikioni mwa mtoto yule, "Pepo, taja jina lako! Nakuamuru, taja jina!" Nilirudia mpaka koo likakauka. Na Aline, aliyekuwa hajasema neno wiki nzima, akafungua mdomo.

Akasema, "Naomie."

Ndugu zangu, niliuliza jina, akanipa jina! Na mimi nikafanya nini? Nikapaza sauti, "Mmesikia? Pepo limekasirika! Sasa linataka nyumba yangu, linataka na mtoto wangu!" Nikamziba mdomo kwa kiganja hiki. Hiki hapa. Nikakemea mpaka machozi yake yakanilowesha vidole, na nikadhani ni pepo linatoka. Akina mama wakaitikia amina. Wengine mko hapa, wala siwalaumu, mlinifuata mimi. Alipolegea, akamwegemea mama yake, nikatangaza amefunguliwa.

Mimi na Naomie tukaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, tukasimama. Ikawa kijani, mwenzangu havuki. Akasema kwa Kiswahili, mtoto ambaye sijawahi kumsikia akisema Kiswahili barabarani, akasema kwa nguvu na watu wanapita, "Mama, halikuwa pepo. Ni mimi."

Nikamwambia, "Nyamaza!" Mnaona? Hata hapo nilisema nyamaza.

Akanipa simu yake. Kwenye video nikaona choo cha shule, Aline amebanwa ukutani, wasichana wawili wamemshika mikono, na mwanangu ana makasi. Makasi yangu madogo ya saluni, niliyoyatafuta nikawasingizia wenzangu wizi. Wanaigiza matamshi yake, wanacheka. Na Naomie anamwambia, "Nyinyi wa juzi ndio mnatuletea matatizo! Rudini kwenu!" Alisema kwa Kiingereza, lakini maneno yalikuwa yangu, na hata kile kicheko kilikuwa changu. Nilikaa chini palepale ukingoni mwa barabara, mtu mzima na kilemba changu cha maombi. Nikamuuliza, kwa nini, mwanangu? Akasema wenzake walishaanza kumuuliza kama yeye na Aline wanatoka nchi moja. Akaogopa watamgeukia yeye.

Eish, ndugu zangu! Kumbe woga niliompa ndio aliouchukua akamchapia mwenzake.

Hatukwenda nyumbani. Tuligeuza njia, tukaenda Troyeville. Begi la Aline lilikuwa kitandani, nusu limejaa. Nikapiga magoti, nikasema yote, nikampa Mama Aline simu aangalie. Nilitegemea anipige. Angenipiga ningeshukuru. Aliangalia mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mama Naomie, mtoto wangu alikuambia. Alikuambia mbele yetu sote, na mimi mama yake nikaitikia amina."

Jumatatu tulikwenda shuleni sote wanne. Nilimwomba mwalimu radhi, naye hakunisimanga. Alituonyesha barua aliyomtumia Mama Aline kuhusu mtoto wake kuonewa, imeandikwa Kiingereza, na Mama Aline akasema aliipokea, akashindwa kuisoma, akaona aibu kumpa mtu amsomee. Mwalimu alijilaumu pia. Naomie na wenzake waliadhibiwa, na ile video ikafutwa kila mahali tulipojua imetumwa. Aline akaonyeshwa mwalimu wa kumkimbilia wakati wowote, bila kuomba ruhusa. Jioni ile Mama Aline akatoa nguo kwenye begi.

Msije mkadhani yamekwisha. Aline anasoma, anaongea, nywele zimeota. Lakini hasukwi na mimi, anakwenda kwa mwingine. Nikiinua mkono kumsalimu, kichwa chake kinarudi nyuma kidogo. Ni kidogo tu, labda mwingine haoni. Mimi naona. Naomie alimwomba msamaha, akaambiwa, "Sawa," basi, na hawajawa marafiki. Nami nimeachia uongozi wa maombezi. Nilijivunia kufungua watu, kumbe niliyefungwa ni mimi, kwa kiburi changu na mdomo wangu, na Mungu akamtumia mtoto wangu mwenyewe kunifungua. Namshukuru, ndiyo. Lakini namshukuru huku naumia, maana gharama ya kufunguliwa kwangu ameilipa mtoto wa mwenzangu.

Basi nawasihi. Mzazi, mwalimu akikuita, kaa kwenye kiti, msikilize mpaka mwisho, hata kama roho inachemka. Mwalimu uliye hapa, barua isiporudi na jibu, tafuta mtu wa lugha yetu, piga simu. Binti unayeonewa, ukisema usipoaminiwa, kosa si lako. Mwambie mwingine, na mwingine tena. Na wewe unayeonea mwenzako, Naomie amekaa pale, muulize kama usingizi anaupata. Mungu anasikia maombi, tumtegemeeni! Ila mtoto akikutajia jina, amini kwanza. Utaomba baadaye.

Nilimwomba Aline ruhusa ya kusimama hapa. Alifikiri sana, akaniambia, "Sema, tantine. Lakini uwaambie kwamba nilisema."

Alisema, ndugu zangu. Alisema vizuri, nasi tuliomsikia tulikuwa saba.

Leo simwekei mtu mikono. Nakwenda kukaa kiti kile cha karibu na mlango. Mtoto mwenye jina la kutaja na aje. Sitakemea, wala sitapaza sauti. Mikono yangu itakaa hapa magotini, nami nitakusikiliza mpaka umalize. Bwana atusamehe, na jina lake lisifiwe.