Barua ya Mwajiri

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimsimulia bibi aliyeketi naye. Ameiomba benki impunguzie marejesho ya mkopo wa nyumba, maana miezi mingine kazi hazipo kabisa. "Wakataka barua ya mwajiri. Nikasema nimejiajiri. Wakasema basi, andika mwenyewe."

"Ukaandika, mwanangu?"

"Nikaandika. Kwamba huyu ni mchapakazi, hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu." Fundi wa namna hiyo mimi sijawahi kumpata. "Ila sijui kama mwezi ujao nitakuwa na kazi ya kumpa."

Bibi akashusha pumzi. "Hilo la mwisho ungelimeza."

"Nilidhani wakiuona ukweli watanihurumia. Leo nafuata jibu."

Basi likasimama mbele ya benki. Bibi akakunja magoti ampishe. Fundi hakuinuka.