Meno ya Mama Katika Picha ya Tatu

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, binti pekee wa mpiga chapa na mshonaji.

Alimaliza sekondari mwaka 1984. Mwalimu wa kemia aliandika kwenye ripoti yake, "Anauliza maswali mno." Babu yetu, baba yake, alidhani ni sifa, akaitundika ukutani.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara ya meno katika hospitali ya chuo kikuu, chumba namba 14, akikunja nyaya za kunyooshea meno. Kilichomkera ni madoa meupe yaliyobaki kwenye meno ya watoto vyuma vikishatolewa, kwa sababu vijidudu hujificha pembeni mwa chuma, mswaki usipofika. Tarehe 9 Juni 2014 alianza kuvipaka vyuma utando wa chembe za madini ya fedha, ndogo kuliko vijidudu vyenyewe. Utando wa kwanza ulibanduka. Wa kumi na moja ukashika. Mwaka 2018 alijifunga vyuma hivyo yeye mwenyewe kwa miezi kumi, kulia vilivyopakwa, kushoto vitupu.

"Mama, unarudi shule?" tulimcheka.

"Ndiyo, na safari hii simwachii mtu namba moja."

Vyuma vilipotolewa, upande wa kulia haukuwa na doa hata moja.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1994 na fundi umeme wa hospitali, ambaye Mama alimwita Fyuzi. Baba aliitwa kutengeneza tanuri la maabara, kisha akarudi mara sita kulikagua, ingawa lilikuwa zima.

Tarehe 2 Oktoba 2020 mkuu wake wa idara, profesa aliyeketi hapa mstari wa mbele, alichapisha utafiti huo wa vyuma kwa jina lake peke yake. Marehemu hakutajwa hata kwenye shukrani. Picha ya tatu, kwa maelezo yake, ni kinywa cha "mgonjwa wa kiume, miaka kumi na minne." Jino la mbele katika picha hiyo limemegeka. Mama alilimega mwaka 1999 akifungua soda ya Baba, na kila aliyewahi kumchekesha analijua. Ratiba zinagawiwa sasa hivi. Ukurasa wa nne tumeweka picha hiyo kando ya picha ya Mama akicheka. Linganisheni.

Tarehe 20 Januari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Akaanza kupanga madaftari yake ya maabara, kumi na tisa, kila ukurasa na tarehe yake.

"Mama watoto, mwachie Mungu," Baba alimsihi.

"Mungu ana kazi nyingi, Fyuzi. Nipe daftari la saba."

Profesa alikuja wodini na maua. "Dada yangu, tusameheane."

"Nikipona nitalifikiria."

Alifariki tarehe 28 Mei, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, na madaftari ambayo kaka yetu mkubwa aliyakabidhi jana kwa kamati ya maadili ya chuo. Anayefuata kwenye ratiba ni mkuu wake wa kazi, neno la faraja, dakika tano.

Mama yetu na apumzike kwa amani. Profesa, karibu mbele.