Arlene Pospisil na Barua za Majimbo Kumi na Moja

Padri, ndugu mliofika kutoka Crete, Wilber na Lincoln, majirani, na ninyi wa kampuni aliyofanyia kazi, mimi ni Milo Zelenka, mdogo wake marehemu, fundi wa matrekta, na familia imenituma nisome haya kwa sababu watoto wake sauti zinawakatika, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada yetu Arlene Rose Pospisil alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Crete, jimbo la Nebraska, mtoto wa tatu kati ya wanne wa mzee Rudolf Zelenka, muuza nyama, na mama Libuse, ambao wote ni marehemu, na tangu mdogo alikuwa mtu wa kuhakiki, baba akipima soseji yeye yuko pembeni anakodolea macho mshale wa mizani, mpaka mzee anamfukuza, "Hebu toka hapa, unanifanya nionekane mwizi dukani kwangu mwenyewe!"

Alisoma Wilber hadi akamaliza sekondari Mei 1979, akachukua cheti cha ukarani Lincoln mwaka 1981, na tarehe 8 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa na kampuni ya bima za nyumba, kwanza katika madai, na kuanzia 1996 katika idara ya taarifa, ambako kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, aliwapelekea wasimamizi wa bima wa majimbo kumi na moja takwimu za madai yote, mangapi yamelipwa, mangapi yamekataliwa, na kila moja limechukua siku ngapi, na chini ya kila taarifa watu wawili huweka sahihi kuthibitisha kwamba ni kweli tupu, dada mstari wa kwanza, mkuu wa idara mstari wa pili.

Jumamosi tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na Emil Pospisil, dereva wa greda la kaunti na mcheza polka asiyechoka, wakajaliwa watoto wawili, Janelle mwaka 1987 na Craig mwaka 1990, na waliishi vizuri sana hadi mwaka 2011 figo za Emil ziliposhindwa, akawa wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, matibabu yote yakitegemea bima ya afya ya kazini kwa mkewe.

Sasa hapa karatasi inasema "aliendelea na kazi kwa uaminifu hadi alipougua", na ningeweza kusoma hivyo nikakaa chini, lakini Arlene mwenyewe alinikataza, na jamani, mimi sitamdanganya mtu mbele ya jeneza la dada yangu.

Juni 2014 mvua ya mawe ilitoboa mapaa ya kaunti nzima, na Aprili iliyofuata, akiandaa taarifa, Arlene alikuta dai la Bibi Wilma Kubicek, ambaye kanisani walikaa benchi moja, limeandikwa siku kumi na tisa, wakati bibi wa watu alikaa na turubai juu ya nyumba siku mia mbili na kumi na nne, na alipofuatilia akagundua kwamba kila faili likihamishwa kutoka kwa mkadiriaji mmoja kwenda kwa mwingine, kompyuta ililihesabu kama dai jipya, siku zikaanza tena na moja, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka, katika majimbo yote, juu ya sahihi yake.

Alikwenda kwa mkuu wake, Gordon Thayer, ambaye yuko nasi hapa, naye akamjibu, "Arlene, ukisahihisha mwaka huu utaulizwa miaka yote ya nyuma, na jina la kwanza pale si langu, ni lako," na mimi aliponisimulia nilifoka, nikamwambia acha kazi, toka humo, nenda ofisi ya jimbo ukaseme, akanitazama tu, "Na Emil nikamsafishe damu wapi, Milo, kwenye karakana yako?" nikarudi kwenye matrekta yangu.

Basi akasaini, akasaini na Aprili sita zilizofuata, na kwenye droo alikuwa na barua ya kuacha kazi ambayo kila mwaka aliibadilisha tarehe tu, na Bibi Wilma, akidhani ni Arlene aliyelisukuma dai lake, akawa anamletea kolache, vile vitumbua vyetu vya Kicheki vya plamu, kila Pasaka, dada anazipokea kwa tabasamu, anafunga mlango, kisha anampa mbwa.

Emil alifariki tarehe 11 Februari 2022, na baada ya mazishi dada aliniambia, kwa aibu, kwamba analia na papo hapo anapumua, maana bima haimfungi tena pale kazini, akaanza kuhesabu upya kila faili kwa mkono, akiandika tarehe halisi moja baada ya nyingine, lakini Oktoba ileile madaktari wakakuta saratani ya kongosho, na bima iliyokuwa ya Emil sasa akaihitaji yeye, baada ya miezi minane tu, mlango ukafungwa tena usoni pake, loo, iliniuma, inaniuma hata sasa.

Januari mwaka huu alimaliza barua za masahihisho, moja kwa kila jimbo, akazisaini zote, na tangu hapo mstari wa pili unangoja, kwa maana jimbo halipokei masahihisho ya jina moja, na siku ya Pasaka Gordon alikuja hospitalini na bakuli la viazi vya kuoka, akakaa kitako, akasema kwa sauti ya chini, "Arlene, nina watoto wawili chuoni," naye akamjibu, "Najua, Gordon, na mimi nilikuwa na Emil."

Alifariki Jumanne tarehe 2 Aprili 2024, saa nne asubuhi, Janelle na Craig wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lincoln, Padri na parokia, majirani waliolisha mbwa na kuondoa theluji, na wafanyakazi wenzake waliomchangia siku zao za likizo alipozimaliza zake, na baada ya makaburini kuna bata na madonge ya mkate ukumbini, msiondoke.

Gordon, wewe si mtu mbaya, dada hakuwahi kukusema vibaya, ila zimebaki siku ishirini na nne kufika mwisho wa mwezi, na barua zote kumi na moja nimeziweka kwenye meza ya mlangoni, karibu na daftari la wageni, na kalamu ipo.

Arlene, dada yangu, wewe umeshasaini. Pumzika kwa amani.