Bwana Kaingu na Vinyweleo vya Wadudu

Bwana Harrison Kaingu ameitumikia maabara yetu ya Msambweni miaka thelathini na mmoja, na anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Nimeambiwa niandike mimi, Mama Twaiba, ninayeosha vioo na kupika chai. Nikikosea, mnivumilie.

Alianza kwa kupokea chupa za mkojo dirishani, akasoma zaidi, akawa mkuu wa chumba cha wadudu wa maradhi, yaani bakteria. Mapenzi yake yalikuwa vinyweleo. Ati mdudu wa mkojo ana vinyweleo mwili mzima, na ndivyo anavyong'ang'ania ndani ya kibofu, hata mtu akojoe vipi hatoki.

Siku moja alikuja jikoni kuomba hamira. Habari ikaenea jengo zima kwamba Bwana Kaingu anapika mahamri. Saa nne watu tayari wana vikombe mkononi, na Bi Tsofa wa mapokezi ameshapasha mbaazi za nazi. Bwana Kaingu akatoka chumbani kwake na kipande cha kioo chenye hamira iliyoganda mabonge! Wadudu wenye vinyweleo, akasema, wameikamata. Wenye vipara hawawezi. Tulikula mbaazi bila mahamri. Bi Tsofa hakumsemesha hadi Jumatatu.

Mimi lakini nilikuwa na langu. Twaiba wangu alikuwa mdogo, na ugonjwa wa mkojo kila ukiondoka unarudi. Majirani wakasema mama yake mchafu. Usingizi sina. Bwana Kaingu akaniambia, "Mama Twaiba, usijilaumu, wala mtoto usimgombeze. Wenye kung'ang'ania ni wadudu. Mrudishe kwa daktari, na dawa aimalize yote, hata ukimwona anaruka kamba."

Akanieleza. Ndani ya mdudu mna jeni, yaani maagizo ya kujengea. Moja huagiza vipande vya kinyweleo, navyo ni protini. Nyingine huagiza protini ya ulezi. Mlezi hukishika mkono kila kipande kisijikunje wala kisivurugane na wenzake, akakifikisha mlangoni, kwenye ngozi ya mdudu. Pale hukiachia, nacho kikatia mkia wake katika pengo la mwenzake aliyetangulia, kinyweleo kikarefuka. Jeni ya mlezi ikiharibika, mdudu hubaki kipara. Hilo Bwana Kaingu alilionyesha hapa hapa, na wageni wakaja kutazama.

Nikamwambia huyo mlezi ni mimi, nikivusha watoto barabara ya Ukunda. Akacheka hadi miwani ikaanguka. Tangu hapo protini ile ikaitwa Mama Twaiba, na jina hilo lipo hata kwenye kibandiko cha friji.

Twaiba ni mzima, alhamdulillahi, yuko kidato cha pili. Mahamri ya leo ameyakanda yeye, kwa hamira ya dukani, msiogope. Bi Tsofa ameleta mbaazi.

Ahsante, Bwana Kaingu. Mbuzi wako huko kwenu Kinango wakupokee kwa furaha, na Mungu akupe afya na umri. Kazi ya mlezi ulinifundisha mwenyewe: nakufikisha mlangoni, na hapo, ijapokuwa mkono hautaki, nakuachia.